Kadi Mbili za Juu ya Pakiti

MAELEZO YA SHAHIDI
Kituo cha polisi, chumba cha maelezo, meza ya pili
Tarehe 11 Aprili, saa 5:10 asubuhi

Jina: kama lilivyo kwenye kitambulisho nilichokabidhi. Mtaani naitwa Mama Memori.
Umri: miaka 51.
Kazi: muuzaji wa kadi za memori, flashi, chaja na kava za simu.
Makazi: chumba cha nyuma, nyumba yenye geti la kijani, mtaa wa pili kutoka dukani kwangu.

Afande anayeandika amenionya kwamba nikisema uongo kwa kujua naweza kushtakiwa. Nimeelewa. Ameniambia pia nieleze kwa kifupi. Nitajaribu, lakini nimechoka, afande, na mambo ya jana hayakuanza jana.

Nauza kadi za memori mwaka wa kumi na mbili huu. Meza yangu iko ndani ya duka moja na Mama Fotokopi, ambaye ndiye mlalamikaji. Ukiingia, kulia ni mashine yake ya fotokopi na kaunta yake ya kioo yenye kalamu na bahasha. Kushoto ni meza yangu, taa ya kuinamia, kompyuta ya zamani na simu yangu ya kazi. Katikati huwa pana stuli moja ya mbao ya wateja. Ndiyo ile naiona pale kwenye kona, imeshafungwa karatasi ya kielelezo.

Mnamo tarehe 3 Februari nilipokea pakiti ya kadi ishirini kutoka kwa mtu anayeniletea mzigo. Tunamwita Dhamana, kwa sababu kila ukimuuliza kitu anakujibu, "Dada, hiyo ina dhamana." Kadi zote ziliandikwa 128. Afande hapa ameuliza kwani kuna shida gani, kama imeandikwa si imeandikwa. Hapana. Kadi inaweza kuandikwa 128 juu, ukaichomeka na simu nayo ikasoma 128, kumbe ndani ina nafasi ya nane tu. Simu inasema kile ilichoambiwa na kadi. Ikijaa hizo nane haikuambii, inarudi mwanzo na kuandika juu ya kilichokuwepo. Majina ya video yanabaki, ila zimeshaandikana juu kwa juu mpaka hata za mwisho ukifungua ni kioo cheusi.

Njia ya kuijua ni moja. Unaijaza mpaka mwisho, halafu unafungua cha kwanza na cha mwisho uone kama vinacheza. Kwa kompyuta yangu hiyo ni nusu siku kwa kadi moja. Kadi ishirini ni siku kumi, na kompyuta ndiyo hiyo hiyo ninayofanyia kazi za watu. Kwa hiyo sisi wauzaji tunaonja, kama mtu anavyoonja mchuzi. Mimi huonja mbili kwa kila pakiti, mbili za juu. Nimefanya hivyo miaka yote, na Dhamana amekaa kwenye stuli hiyo hiyo akinitazama, anakunywa chai yangu na kusifia mkono wangu. Sikuwahi kuchukua za katikati. Hata siku moja. Ukiniuliza kwa nini, za juu ndizo zilizo karibu na mkono.

Mbili za juu zilipita vizuri. Moja niliiacha kwenye simu yangu ya kazi, ndiyo kawaida yangu na kila pakiti, ili mteja aione ikifanya kazi. Ya pili niliiuza siku ile ile. Zile kumi na nane nikazitundika ukutani.

Mnamo tarehe 6 Februari, saa nne kasoro asubuhi, alikuja mwanamke ninayemfahamu kwa sura, mwalimu wa darasa la kwanza. Ndiye mke wa mtuhumiwa mliyemkamata jana. Sauti yake ilikuwa imekauka, nikadhani ni mafua. Akasema, "Mama, nataka kadi ya kuweka video nyingi. Nishauri nichukue ipi."

Nikamuuliza maswali yangu ya siku zote: simu gani, imebakiza nafasi kiasi gani, anarekodi nini. Akasema simu imejaa picha za wanafunzi wake, "na siwezi kumfuta hata mmoja, hata yule anayening'ata." Tukacheka. Nikamwambia kama ni picha tu, ya 32 inamtosha. Akasema ni video, kila siku, mpaka mwishoni mwa mwezi wa tatu. Nikamwambia basi achukue 128, na za muhimu aziweke pia mtandaoni, maana kitu cha thamani hakikai mahali pamoja. Akaniuliza bando la kupandisha video kila siku atalitoa wapi, na mumewe ni fundi makochi.

Kisha akauliza, "Hii itakaa miaka kumi na tano?"

Nikamwambia, "Mwalimu, hata mimi mwenyewe sijui kama nitakaa miaka kumi na tano." Nilikuwa natania. Yeye hakucheka safari hii. Akanieleza kwamba ana uvimbe kooni, kwamba tarehe 25 Machi atapasuliwa na kiungo cha sauti kitatolewa chote. Akipona atapona, lakini kuongea ndiyo basi. Ana binti wa miaka minne. Akasema, "Huyu atasahau ninavyoongea, mama. Ni mdogo mno." Alitaka kumwachia hadithi, nyimbo za kuogea, na maneno ya kumwambia akifika darasa la saba, akivunja ungo, akipata mchumba. Alikuwa ameyaandika yote kwenye daftari la shule, kwa mwandiko ule wa walimu.

Nikamwonyesha tofauti ya ubora wa video, kwa sababu ya juu inaonekana vizuri lakini inakula nafasi. Nilimrekodi mara mbili kwa simu yangu ya kazi, moja ya chini na moja ya juu. Nikamwambia, "Sema chochote." Alisema kitu. Mteja mwingine alikuwa ananiulizia chaja na mimi macho yangu yalikuwa kwenye ukubwa wa faili, kwa hiyo sikusikiliza alichosema. Akachagua ubora wa juu.

Nikatungua kadi moja ukutani, nikaichomeka kwenye simu yake, ikasoma 128. Nikamwambia iko sawa. Ningeweza kumwambia arudi kesho yake ili niijaze kwanza. Muda alikuwa nao, karibu wiki saba. Nilichokosa ni moyo wa kufanya kazi ya nusu siku kwa kadi moja. Alinishukuru kwa mikono miwili.

Mnamo tarehe 14 Machi, mchana, mpiga picha za pasipoti alinirudishia kadi ya pakiti hiyo. Nikaijaribu, ikafeli mapema, maana mbovu haingoji nusu siku, hujionyesha ikishapita zile nane. Nikashusha zile tisa zilizokuwa zimebaki ukutani, nikaanza nazo moja moja katikati ya kazi za watu, mpaka tarehe 17 nikawa nimezimaliza zote. Lakini nisijifiche nyuma ya hiyo tarehe 17. Ya pili ilipofeli tu, siku hiyo hiyo ya tarehe 14, nilikuwa nimeshaelewa. Nzima zilikuwa mbili tu, zile za juu. Dhamana alijua mkono wangu unaanzia wapi. Nikampigia simu. Akasema, "Dada, hiyo ina dhamana," halafu akakata, na namba hiyo haijapatikana tena. Nilizikatakata kadi zile kwa mkasi nikimtukana matusi ambayo afande hayahitaji. Mama Fotokopi alikuwepo, aliona na kusikia.

Kadi mbovu tisa nilikuwa nimeshaziuza. Ya mpiga picha ilikuwa imerudi. Wanunuzi saba ni wapita njia, sijui hata sura zao. Mmoja nilimjua na nyumba yake naijua, ni mwendo wa dakika nane kwa miguu.

Sikwenda. Hapa afande amenyanyua kichwa akaniuliza kama nina uhakika nataka hili liandikwe. Nataka. Sikwenda siku hiyo wala kesho yake. Nilijiambia huenda yake ni nzima. Nilijua si kweli. Nilijiambia nitakwenda Jumamosi. Miguu iliniuma, foleni ya wateja ilikuwa ndefu, kila siku ilikuwa na sababu yake. Lakini ukweli wenyewe ni aibu. Miaka kumi na miwili watu wananiita Mama Memori, na niliona nitakwendaje kumwambia mgonjwa kwamba nimemuuzia mbuzi kwenye gunia.

Mnamo tarehe 19 Machi, saa tano asubuhi, mwalimu mwenyewe aliingia dukani kutoa fotokopi za karatasi za hospitali. Sauti yake ilikuwa imebaki kidogo sana, lakini ilikuwepo. Alinisogelea akaniambia, "Mama, nimefika video ya hamsini na nane, na kadi yako bado ina nafasi tele." Alikuwa na furaha kabisa. Nikamuuliza kama huwa anazitazama. Akasema hapana, hapendi kujiona, anaangalia tu zile picha ndogo za mbele, zote zimejipanga. Zile picha ndogo simu inazihifadhi pembeni, kwenye kumbukumbu yake yenyewe. Zinaonekana hata kama video imekufa. Hilo nalijua kuliko mtu yeyote mtaa ule.

Mimi nikamwambia, "Hongera, mwalimu."

Hilo ndilo neno nililomwambia. Zilikuwa zimebaki siku sita. Angeweza kuanza upya, hata video kumi. Alichukua karatasi zake, akanipungia mkono, nikampungia.

Tarehe 25 Machi alipasuliwa. Niliambiwa na Mama Fotokopi, ambaye alichanga hela ya matunda. Na mimi nilichanga.

Mnamo tarehe 10 Aprili, yaani jana, saa tatu na nusu asubuhi, mtuhumiwa aliingia dukani. Alivaa aproni yake ya kazi na nywele zilikuwa na vumbi la sponji. Nyundo yake ndogo ya kupigilia misumari ilikuwa kwenye mfuko wa mbele wa aproni, kama inavyokaa siku zote. Nimesikia kwamba imeandikwa mahali kuwa alikuja na nyundo. Alikuja na aproni. Nyundo hakuigusa mwanzo mpaka mwisho, na naomba hilo liandikwe hivyo.

Alisalimia. Alisema, "Shikamoo mama, samahani, naona simu hii imeharibika." Alidhani tatizo ni simu. Akanieleza kwamba usiku uliopita binti yao aligoma kulala bila hadithi, naye akasema ngoja leo mama akusimulie. Akafungua video ya kwanza, giza. Ya pili, giza. Akazijaribu zote sitini na nne, moja moja, na mtoto akiwa mapajani na mkewe akiwa ameketi kitandani anatazama.

Nikachukua ile kadi nikaichomeka kwenye kompyuta. Nilikuwa najua tayari, lakini niliichomeka, nikabofya hiki na kile, nikajitia kushangaa. Nikamwambia kadi imekufa na vilivyomo haviwezi kurudi. Kisha akauliza kwa upole tu, "Umejua lini kwamba kadi hizi ni mbovu?"

Nikasema, "Ndiyo naona leo."

Huo ni uongo niliousema dukani, afande, si hapa.

Mama Fotokopi alikuwa anapanga karatasi kwenye mashine. Ana mdomo, lakini hana roho mbaya. Akageuka akasema, "Si zile ulizozikatakata na mkasi mwezi uliopita, ukimtukana Dhamana mpaka mteja wangu akakimbia? Ilikuwa siku ile umeme ulikatika." Kisha akaona uso wangu akarudi kwenye karatasi zake, lakini neno lilikuwa limeshatoka.

Mtuhumiwa akaniuliza, "Ulijua tarehe ngapi?"

Sikuweza tena. Nikasema, "Kumi na nne."

Akahesabu kwa vidole, bila haraka, kama mtu anayepima kitambaa. Akasema, "Siku kumi na moja." Mlalamikaji ameeleza kwamba alisema "nitakuua." Nadhani mwenzangu alitishika na masikio yakamtisha zaidi. Mimi nilikuwa hatua moja kutoka kwake na hakusema hivyo. Alisema siku kumi na moja, mara mbili.

Halafu akanyanyua stuli kwa mikono miwili. Hakunielekezea mimi. Aligeuka kwanza, akawa ananipa mgongo, ndipo akaibamiza chini mbele yake. Mguu wa stuli ukapiga kaunta ya mwenzangu na kioo kikamwagika. Kama angetaka kunipiga angenipiga. Nilikuwa nimesimama tu, na nadhani nilikuwa nangoja.

Baada ya hapo alipiga magoti akaanza kuokota vioo kwa mikono mitupu na kuviweka kwenye aproni yake, akimwambia Mama Fotokopi, "Samahani dada, samahani, wewe hukunikosea." Damu mnayoiona kwenye aproni ni ya viganja vyake. Askari wawili walifika saa nne na dakika tano wakamkuta bado anaokota. Hakubishana nao. Aliwaomba kitu kimoja, apite nyumbani, kwa sababu mkewe ana tundu shingoni linalotakiwa kusafishwa asubuhi na jioni, na aliyefundishwa hospitali kulisafisha ni yeye. Walimwambia atayaeleza kituoni.

Leo asubuhi, saa moja, kabla ya kuja hapa, nilikwenda kwake mwalimu. Zile dakika nane. Nilimkuta amekaa mbele ya kioo anajaribu kujisafisha mwenyewe. Jirani alikuwa amempeleka mtoto shule. Nilinawa mikono nikamshikia taa na kile kioo, yeye akafanya. Tulipomaliza nilimwambia yote, kama nilivyoyasema hapa, kuanzia mbili za juu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilikuwa naomba anitukane, kisha nikakumbuka hawezi.

Alichukua lile daftari lake akaandika, "Ungeniambia ile siku ya fotokopi."

Nikasema, "Ndiyo."

Kuna jambo moja la mwisho, na ndilo lililonifanya nisisubiri kuitwa. Jana nilipokuwa nafagia vioo nilikumbuka zile video mbili za majaribio za tarehe 6 Februari. Huwa nafuta majaribio ya wateja kila Jumamosi. Niliangalia, nikakuta ile ya ubora wa chini nilishaifuta. Ya juu ipo. Kwa nini ipo sijui. Si kwa wema, ni uvivu ule ule. Iko kwenye kadi ya simu yangu ya kazi, moja ya zile mbili za juu. Maana yake siku ile kadi nzima ilikuwa mkononi mwangu, nikamrekodi nayo, kisha nikamtungulia mbovu ukutani.

Sijaifungua. Nimeona picha ndogo ya mbele na urefu wa sekunde kumi na nne, lakini picha ndogo haithibitishi kitu. Nimeogopa. Naikabidhi kadi hii leo kwa afande. Najua kielelezo hufungwa kwenye bahasha na bahasha hukaa miaka. Naomba kabla haijafungwa ifunguliwe, na kama kuna sauti, inakiliwe kwa ajili ya mtoto. Nimekuja na kadi mbili mpya za nafasi ndogo, za pakiti nyingine. Nitazijaza mpaka mwisho hapa hapa mbele yenu, hata ikichukua kutwa.

Kioo cha mwenzangu nitaweka mimi, tumeshaongea. Kuhusu mtuhumiwa, sina ninachomlalamikia. Kama kuna wa kulalamikiwa mle dukani, mimi siendi popote, nyumba yangu ni ile yenye geti la kijani.

Hayo ndiyo niliyoyaona, na hayo mengine ndiyo niliyoyafanya. Nimesomewa, hakuna la kuongeza.

Sahihi ya shahidi: (imetiwa)
Saa 7:25 mchana

MAELEZO YA OFISA ALIYEANDIKA

Shahidi ametoa maelezo kwa hiari. Amesomewa na kutia sahihi mbele yangu.

Kadi moja ya memori imepokelewa kuwa kielelezo namba tatu. Kwa ombi la shahidi, kabla ya kufungwa imefunguliwa saa 7:40 mbele yangu, mbele ya shahidi, na mbele ya mtuhumiwa aliyetolewa mahabusu kwa ajili hiyo. Ina video moja ya mwanamke aliyeketi kwenye stuli. Picha na sauti ni nzima. Maneno yaliyomo ni haya:

"Niseme nini sasa? Chochote? (Anacheka.) Haya. Kipusa, njoo ule, chakula kinapoa. Usiniambie nakuja. Njoo."

Mtuhumiwa ameomba irudiwe. Imerudiwa mara tano.

Shahidi amejaza kadi mbili ndogo mpaka mwisho kwenye kompyuta ya ofisi na kufungua faili la kwanza na la mwisho la kila moja. Zimechukua saa mbili na dakika arobaini. Zote zimepita, na video imenakiliwa humo. Nakala ya tatu nimeiacha kwenye kompyuta ya ofisi, nami nimeifungua tena kuhakikisha.

Mlalamikaji amefika saa 10:30 jioni, amesikia video hiyo, na ameomba kufuta malalamiko. Mtuhumiwa ameachiwa kwa dhamana ya polisi saa 10:50, awahi usafishaji wa jioni. Kadi zote mbili amezifunga kwenye kitambaa, moja mfuko wa kulia, moja mfuko wa kushoto.

Shahidi hakutoka naye. Amebaki kwenye benchi la nje, na alipoulizwa anasubiri nini, amesema kuhusu hao wanunuzi saba, anataka kujua aanzie wapi.